Mtungi wa Sakelari

Pothia, Kalimno
3 Septemba 1986

Evdokia, binti wa shemeji yangu,

Salamu zinatangulia, ila zisikudanganye. Nimekasirika. Nimekaa siku mbili nzima sijagusa kalamu, nikihofia kuandika maneno ambayo padri angenifungisha kwayo mpaka Pasaka.

Gazeti nililikuta kwa mwoka mikate. Katina alilitandaza pale mezani akaanza kuita watu, "Njooni mwone mtoto wa Yani, mtoto wetu, yumo gazetini." Na mimi nikafurahi kama mjinga, nikavaa miwani. Nikakuona na nguo yako ya mpira, nywele zimelowa, unacheka mpaka jino la mwisho, na mbele yako mtungi. Chini wameandika kwamba mtaalamu wa mambo ya kale Evdokia Kulia ameibua mtungi kutoka merikebu iliyozama Kofina tangu zama za Warumi, mtungi pekee uliokutwa umezibwa mdomo, na ukitikiswa unasikia mafuta ndani. Mafuta ya miaka elfu mbili, wamesema. Watu wakakupigia makofi. Mimi nilitoka pale nimeacha mkate wangu mezani.

Evdokia, mtungi ule ni wangu.

Mimi na bibi yako Sevasti ndio tuliouteremsha, mwaka hamsini na tano, mahali alipozamia baba yako mkubwa Sakelari kuchuma sponji asirudi. Bomba lake la hewa lilikatika, kamba ikavutwa juu haina mtu. Maiti hatukupata. Ndani ya mtungi mna mataji yetu ya arusi tuliyovishwa kanisani, lake na langu, na mafuta ya zeituni aliyoyatia bibi yako kwa mkono wake ili bahari isiyale. Desturi unaijua, umezaliwa hapa hata kama kusoma umesomea huko. Mtu huzikwa na taji lake. Sisi tulikuwa na mataji, mtu wa kumzika hatukuwa naye. Kwa hiyo ule si mtungi tu, lile ni kaburi la mume wangu, na hana jingine.

Usiufungue. Usimruhusu mtu yeyote kuufungua, hata awe profesa wa maprofesa. Uurudishe ulipoutoa. Wewe unajua njia ya kushuka, basi shuka nao.

Nilikubeba mgongoni wewe. Sikukubeba ili uje unifukulie.

Mimi mama yako mkubwa,
Themelina


Athene
10 Septemba 1986

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata leo, lakini naamkia hivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na moyo uliniuma. Ninajua hasara uliyoipata. Nimekulia chini ya ile picha ya baba mkubwa iliyoko sebuleni kwa bibi, na pengine ni kwa sababu yake nikaichagua kazi hii. Lakini naomba unisikilize kwa utulivu.

Kofina tumefanya kazi majira matatu ya joto. Ni pima ishirini kwenda chini, na kila mmoja wetu ana dakika chache tu kule kabla hajaanza kupanda pole pole, akingoja njiani damu yake itulie. Tumeweka fremu za chuma juu ya shehena yote, mchanga tunaunyonya kwa bomba taratibu, na hakuna kigae kinachonyanyuliwa kabla hakijapigwa picha na kuchorwa pale pale kilipolala. Mtungi huo niliukuta pembeni mwa shehena, nusu umefukiwa, kati ya mitungi mingine ya umbo lile lile. Kwenye gazeti yote inafanana, mama. Hata mimi ningechanganya.

Na kwa kuwa umenikasirikia, acha na mimi niseme kinachonichoma. Merikebu ile imenyonyolewa na watu wetu. Kila nyumba ya Pothia ina mtungi uani, umeoteshwa mrehani, na mwenye nyumba anajisifu kwa wageni kwamba babu yake aliutoa kilindini. Hao mababu walinyofoa tu, wakavunja kumi ili wapate mmoja. Leo ninaulizwa meli ilipakia wapi, ilikuwa inaelekea wapi, mabaharia wake walikuwa watu wa wapi, na nusu ya majibu yamo kwenye nyua za majirani zako yanamwagiliwa maji. Nalia nikiwa chini ya maji, mama, na kule hata kufuta machozi huwezi.

Mtungi umehifadhiwa ndani ya pipa la maji, mahali pa baridi. Haujafunguliwa.

Ninakuomba sana, usiiandikie idara ya mambo ya kale habari hizi. Kukaa na kitu cha kale bila kukitangaza ni kosa, na kukitupa baharini ni kosa jingine. Wanaweza kukuita hata kwa jambo la zamani. Liache hapa kati yetu.

Wako,
Evdokia


Pothia
17 Septemba 1986

Evdokia,

Unaniandikia kama daktari anayemwandikia mgonjwa wa akili. "Naomba unisikilize kwa utulivu." Utulivu ninao. Ningekuwa sina utulivu ningeshapanda meli ya Pireo nikaja huko Athene na fimbo mkononi.

Nachanganya mitungi, eti. Haya, nenda kwenye pipa lako. Utazame mkono wa kushoto wa mtungi, karibu na shingo. Umevunjika ukagandishwa kwa lami. Gazeti limesema mkurugenzi wenu ameshangazwa na ukarabati huo, na kwamba unaonyesha jinsi mabaharia wa Kirumi walivyokuwa hodari. Baharia wa Kirumi ni Sakelari wa Sevasti, amekaa uani kwetu siku ya Jumapili na fulana yake, analaani kwa sababu lami imemgandia vidoleni. Aliuvunja mwenyewe kwa kuugonga ubavuni mwa boti siku alipouleta. Aliniletea mimi, tulipokuwa tumechumbiana. Wengine waliletewa vitambaa kutoka Benghazi, mimi nikaletewa mtungi wenye mkono mmoja na nusu. Nikapanda mrehani. Wewe mwenyewe ulikuwa unang'oa majani yake unayatia puani, ukapigwa kofi na bibi yako.

Na umeukuta kati ya wenzake kwa sababu ndiko tulikouteremsha. Nahodha aliyempeleka Sakelari alitupeleka mahali pale pale, tukauteremsha kwa kamba mpaka kamba ikalegea.

Unasema watu wetu walinyofoa. Sawa, walinyofoa, na Sakelari alikuwa mmoja wao, sikatai. Lakini niambie, wewe msomi, katika kisiwa hiki kizima ni nani aliyewahi kurudisha? Wenye mrehani uani wanao mpaka leo, hawajaguswa, wanawapa wageni kahawa kando yake. Mimi niliyeurudisha mahali pake ndiye niliyenyang'anywa. Hiyo ndiyo haki mnayofundishwa huko?

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuelezwa, maana ulikuwa mtoto. Mtu akizikwa, utepe unaofunga mataji mawili hukatwa. Lake huenda naye, la mke hubaki ukutani, na mke akitaka siku moja kuolewa tena hakuna wa kumnyooshea kidole. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, sili, sinywi, na bibi yako akaja akaniuliza tufanye nini na mataji. Nikamwambia yatie yote mawili, na utepe usiukate. Akasema, "Ndivyo, mwanangu. Ndivyo." Akaenda kuyafunga mwenyewe jikoni. Nilipoinuka mtungi ulikuwa tayari umezibwa kwa nta na lami, nikaufuata hivyo hivyo mpaka kwenye boti.

Kisiwa kizima kilijua kwamba mataji ya Themelina yako baharini na utepe wake. Baada ya miaka mitano alikuja Nomiko, yule fundi wa boti, mtu mpole, mikono inanuka mbao. Alikuja na peremende na kofia mkononi kumwomba mama mkwe wangu, kwa kuwa wazazi wangu walishakufa. Bibi yako alimpa kahawa, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu Nomiko, taji la huyu limefungwa na la Sakelari, na yako chini. Utaoaje mtu aliyefungwa?" Nami nikainamisha kichwa, kwa kuwa ni maneno yangu mwenyewe. Alirudi mwaka uliofuata, nikamjibu mimi kwa kinywa changu. Akaenda Amerika.

Sikuhadithii ili unihurumie. Nakuhadithia ujue ndani ya mtungi ule mna nini. Nimeuishi utepe ule maisha yangu yote. Ukiufungua mbele ya watu wenye kamera umenivua nguo sokoni.

Na jambo moja zaidi, halafu nanyamaza. Mlipokuwa mnanyonya mchanga kwa hilo bomba lenu, mlimwona? Kama hamkumwona usinijibu kwa maneno mengi. Sema hapana.

Themelina


Athene
1 Oktoba 1986

Mama mkubwa,

Shikamoo.

Hapana.

Nilitafuta lakini. Sikumwambia mtu. Kila mchanga uliopita kwenye chujio langu niliupitisha mara ya pili kwa mkono, majira yote matatu. Tulipata mifupa ya kondoo waliowala wale mabaharia, na meno ya panya. Mtu hatukupata.

Kuhusu mtungi, nimesadiki. Nisamehe kwa jinsi nilivyokuandikia. Nimezungumza na mkurugenzi, na haikuwa rahisi, maana ameshawatangazia watu habari ya mafuta na sasa anatafuta pa kuficha uso. Mtungi wenyewe haurudi, mama. Ni wa merikebu, ni wa kale kweli, na sheria haina mlango hapo. Lakini vilivyomo ndani ni vyako na nitakuletea mimi mwenyewe, nikija kwa siku ya marehemu. Kitu hiki nimekigombania na nimekipata.

Usiwe na wasiwasi. Mataji yote mawili ni mazima, yamo kwenye kile kitambaa cha bibi cha buluu chenye maua meupe, wala hayajaota kutu hata kidogo. Mafuta yamefanya kazi yake.

Baba anakusalimu. Anasema mguu umepona na ameanza kutoka.

Wako akupendaye,
Evdokia


Pothia
7 Oktoba 1986

Evdokia,

Kitambaa cha buluu chenye maua meupe kilikuwa kilemba cha bibi yako cha kufulia. Kilipotea wakati ule wa msiba, akatulaumu sote mpaka mbuzi. Miaka yote hii sikujua alikifungia mataji yangu, kwa kuwa nilikuwa nimegeukia ukuta. Wewe umekijuaje?

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako haikufika hata mwezi.

Umefungua, na siku uliyofungua hukuitaja. Na uliniandikia kwa mkono wako, kwa kalamu, kwamba haujafunguliwa.

Umenitajia mataji, ukataja kitambaa, ukataja kutu na mguu wa baba yako. Utepe hukuutaja. Nakuuliza jambo moja tu, na safari hii jibu kama binti wa Yani. Utepe ukoje?

Themelina


Athene
14 Oktoba 1986

Mama mkubwa,

Sikuamkii. Sina uso wa kukuamkia.

Tuliufungua tarehe tano Septemba. Maabara ilikuwa imetoboa nta na kuvuta mafuta kidogo, wakatuambia ni ya juzi juzi, si ya Warumi. Mkurugenzi alikasirika, akasema wamekosea, akaagiza nta ikatwe mbele yake. Mimi ndiye niliyekata. Watu wanane walikuwa wamesimama. Nikatia mkono kwenye mafuta nikashika kitambaa, na kabla sijakifungua nilikijua, kwa sababu bibi alikuwa na gauni la maua hayo hayo. Kikafunguka, yakatoka mataji. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka, na mpaka leo sijampa mkono.

Barua yako ya kwanza ilinifikia siku tatu baadaye. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba unachanganya mitungi, mataji yako yalikuwa mezani kwangu, nimeyawekea taulo juu. Sitajipamba. Mkurugenzi alikuwa ametukataza kusema lolote nje, nami niliogopa. Kazi hii wanawake hawaipati kirahisi, na mwanamke wa kisiwani aliyewaletea wakuu aibu hataipata tena. Ndivyo nilivyojiambia. Wao wameshayatia mataji kwenye boksi na kuandika juu yake "vitu vya kisasa, havina thamani." Nililia kwa hasira. Halafu nikakuandikia wewe uongo. Hasira yangu yote ile sikumpelekea aliyeiandika lebo.

Lakini haikuwa hofu ya kazi peke yake iliyonifunga mdomo. Ulipoandika barua ya pili, ukanieleza ya Nomiko, nilikaa chini sakafuni.

Mama, utepe umekatwa.

Haukuoza wala haukukatika. Hariri imekaa kwenye mafuta kama imetoka dukani. Umekatwa katikati kwa mkasi, na ncha zote mbili zimekunjwa na kushonwa upindo ili zisifumuke, ule upindo mdogo mdogo wa bibi, unaujua, uko kwenye mashuka yote ya nyumba yetu. Nusu moja imeviringishwa kwenye taji moja na nusu ya pili kwenye la pili. Yametenganishwa. Alikaa jikoni akayatenganisha vizuri, kwa sindano na uzi, kisha akayafunga pamoja kwenye kitambaa.

Nilitaka kukuletea mataji na kuuacha utepe. Ningesema umeoza. Nilikuwa nimeshajipangia maneno. Nilidhani ni huruma.

Huyu ni bibi yangu, mama. Najaribu kumwelewa. Labda alijua kwamba msichana wa miaka ishirini na sita anasema neno leo akiwa na homa na kesho atalitaka tofauti, kwa hiyo akakuacha huru bila kukusumbua. Halafu labda alisahau. Au labda siku alipokuja Nomiko aliogopa kubaki peke yake. Yule alikuwa ameshapoteza mtoto. Sijui. Wewe ndiye uliyeishi naye.

Ninakuja na meli ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa ruhusa au bila ruhusa. Mataji yako mkobani kwangu. Boksi nimeliacha lilipo, na lebo yake.

Evdokia


Pothia
26 Oktoba 1986

Evdokia, mwanangu,

Marahaba. Nimekupa, ichukue, ila kwa ajili ya barua hii ya mwisho tu. Zile nyingine tutagombana ana kwa ana, na nitakuwa nimekaa na wewe umesimama.

Bibi yako hakusahau. Sevasti alikuwa akiwakumbuka kuku wake waliokufa kabla ya vita, kwa majina. Alikumbuka ni nani aliyemkopa chumvi mwaka wa njaa. Mtu wa namna hiyo hasahau kwamba ameshona upindo kwenye utepe wa mwanawe aliyekufa.

Na wala usiniambie hofu. Hofu naijua, nimelala nayo. Mtu mwenye hofu angenishika mkono akaniambia, "Themelina, usiniache." Ningekaa. Haki ya Mungu ningekaa, au ningemchukua twende pamoja, Nomiko alikuwa na vyumba vitatu na asingemkataa mama wa Sakelari. Alikuwa na njia ya kuniomba, akachagua kunifunga. Alimpa mtu kahawa, akamtazama machoni, akamwambia nimefungwa, na mkasi ulikuwa kwenye droo pale pale nyuma yake. Alijitengenezea mambo pande zote mbili. Mbele ya Mungu alinifungua ili asiwe na dhambi yangu, na jikoni kwake akaniacha nimefungwa ili asikose wa kumchotea maji. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kwenye kilemba cha kufulia.

Nilimuuguza mpaka mwisho. Nilimgeuza kitandani usiku na mchana, nikamlisha kwa kijiko, nikamkata kucha. Alikuwa na muda wa kuzungumza. Alizungumza habari za zeituni, za baba yako, za paa linalovuja. Siku moja alinishika uso kwa mikono yote miwili akasema, "Wewe ni mtoto mwema." Nikadhani ananibariki. Kumbe alikuwa karibu kusema, akarudi nyuma.

Unataka nimwelewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Evdokia. Mwelewe wewe, ni bibi yako, una haki. Mimi sijafika huko na sijui kama nitafika, na usije ukanisukuma.

Yule aliyeandika "havina thamani" mwambie nimemsikia. Kwa upande mmoja amesema kweli kuliko nyote. Nimeishi miaka yote kwa utepe ambao haukuwapo.

Nomiko ana wajukuu huko Florida, dada yake huniambia bila kuulizwa. Sitamwandikia. Nimemfikiria siku tatu hizi, si yeye kama yeye, maana sasa ni mzee na amenenepa. Namfikiria yule wa kofia mkononi, na mimi niliyeinamisha kichwa. Nimemkasirikia hata huyo msichana. Angeinua kichwa amtazame mama mkwe wake usoni wakati anasema maneno yale, labda angeona kitu.

Sasa nisikilize kuhusu mataji. Uje nayo. La Sakelari tutalipeleka Kofina, mimi na wewe, nimeshasema na mtoto wa nahodha, anatupeleka asubuhi baada ya misa. Safari hii bila mtungi. Nitalifunga na jiwe na kulishusha kwa mkono wangu, na wewe na wenzako mkilikuta tena mtalipita. Hilo utaniapia. Yeye hana kosa, alikufa akiwa na miaka thelathini na anaamini ana mke. Langu utaliweka mezani na kuliacha hapo. Sijui nitalifanya nini, na sitaki unishauri. Utepe nusu kwa nusu, kila nusu na taji lake, kama alivyoshona. Sitaufumua upindo wake. Ameushona vizuri, mchawi yule.

Mtungi kaeni nao. Uandikieni lolote mnalotaka, ila hapo kwenye mkono wa kushoto muandike jina la aliyeugandisha, na kwamba hakuwa Mrumi.

Jana ilikuwa Jumamosi. Tangu alipokufa bibi yako huwa ninakwenda kaburini kwake kila Jumamosi, ninasugua jiwe, ninatia mafuta kwenye taa, watu wananisifu. Jana nilikwenda mikono mitupu. Nilisimama nikamtukana. Kwa sauti, Evdokia. Mama Kaliopi alikuwa kaburi la tatu kutoka hapo akaangusha maua yake, na padri alitoka mpaka mlangoni akarudi ndani. Nilimwita mwizi. Nilimwambia kila kitu alichonichukulia, kimoja kimoja, mpaka watoto ambao sikupata hata kuwapa majina. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka.

Halafu nikakaa pale pale kwenye jiwe lake hadi jua likazama, kwa sababu siku ya Jumamosi sina mahali pengine nilipozoea kwenda.

Mama yako mkubwa,
Themelina